Kitabu Kisichokatwa

Kukaa Mifuko alikuweza. Kilichomshinda ni kutulia. Kwenye kiti chake cha duka la fotokopi alikaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa na safari zake. Ulicheza chini ya meza, ukagonga ndoo ya takataka, ukapumzika kidogo, ukaanza tena. Wateja waliozoea walimwambia, "Wewe, mguu wako unachapa kazi kuliko mashine."

Jina la Mifuko alipewa na dada yake, fundi cherehani mwenye chumba kinachotazamana na duka hilo, ng'ambo ya ukumbi mwembamba wa jengo lile lile. Ni dada huyo huyo aliyemshonea mifuko yenyewe. Shati lake lilikuwa na mifuko mbele, pembeni na mmoja kwa ndani, na suruali yake ilikuwa na mingi kiasi kwamba akitafuta funguo unaweza kwenda kununua chumvi ukarudi ukamkuta bado anajipapasa.

Mifuko ilikuwa ya vitabu. Kijana alikusanya vijitabu vya zamani vya mfukoni, vile walivyotembea navyo mafundi na wataalamu enzi ambazo simu ilikuwa imefungwa ukutani: cha fundi bomba, cha mkunga, cha nahodha, cha mfuga nyuki, cha mtu wa kupima mizigo. Jedwali, vipimo, michoro midogo ya kuumiza macho. Sheria yake ilikuwa moja tu. Kitabu kisichoingia mfukoni si kitabu, ni fanicha.

Usidhani alivisoma. Ukimuuliza asali huvunwa vipi, angekutajia kitabu kinachosema, rangi ya kava lake na upande lilipo doa la chai. Asali yenyewe ungejijua.

Siku hiyo mguu ulikuwa umeshika kasi isiyo ya kawaida, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya raha. Mchana angekuja Daktari, yaani daktari wa meno mstaafu, mkusanyaji mwenzake, mtu aliyevalisha kila kitabu chake koti la nailoni kana kwamba kitanyeshewa sebuleni. Daktari alikuwa na kijitabu cha mpima ardhi, cha ngozi, chenye kitanzi cha kuchomekea penseli na penseli yenyewe bado imo. Mifuko alikuwa amekiota kitabu hicho mpaka akajua harufu yake. Na Daktari alikubali kukibadilisha na kimoja tu: kile cha kijani cha mafundi wa cherehani, kilichokuwa sasa hivi kwenye mfuko wa kifuani wa Mifuko, ndani ya karatasi laini, juu ya moyo kabisa.

Sababu ya pili ilikuwa kimya. Ng'ambo ya ukumbi, mashine ya dada ilikuwa haisikiki.

Alivumilia hati za mteja mmoja, akakosea akazitoa kichwa chini miguu juu, akazirudia, kisha akageuza kibao cha "Narudi sasa hivi" na kuvuka.

Ndani ya chumba cha ushonaji, makoti ya wauguzi yalikuwa yametundikwa ukutani mstari mzima, meupe, yamepigwa pasi, yamekamilika kila kitu isipokuwa matundu ya vifungo. Yalitazama kama nyuso zilizosahauliwa macho. Katikati ya chumba, Fundi Spana, mtengenezaji wa mashine, alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya matundu kama mtu anayeomba msamaha. Kifuniko kilikuwa chini, vyuma vimepangwa juu ya gazeti.

"Imekuwaje?" Mifuko akauliza.

"Ilikuwa inaruka nyuzi," dada akasema. "Nikamwita afungue. Amefungua."

"Na kufunga?"

"Kufunga nimefunga, nikafungua tena," Fundi Spana akajibu bila kugeuka. "Tatizo si kufunga. Hapa chini kuna ndoano ya kudaka uzi, na hapa juu kuna sindano. Zinapishana karibu sana bila kugusana. Ukaribu gani, ndipo hapo sasa. Alama ya zamani imefutika. Hii mashine ni mkubwa wangu, tena mkubwa sana. Ningeikuta mtaani ningeiamkia."

"Bahatisha."

"Nikibahatisha sindano inavunjika. Na sindano hizi hakuna kiwanda kinachotengeneza tena. Mnazo ngapi?"

"Mbili," dada akasema. "Hiyo uliyoifunga, na moja kwenye kikopo."

Mashine hiyo ilikuwa ya marehemu mama yao. Ilitoboa na kushona tundu lenye kingo ngumu ambazo hata mapipa ya kuchemshia nguo ya hospitali hayakuzifumua, na ndiyo maana Matroni, msimamizi wa wauguzi, aliwaacha mafundi wote wa mtaa akaja kwa dada. Matundu ya mkono hakuyataka. Ya mashine ndogo za wengine alishayaona yakikatika. Kesho asubuhi angekuja kuchukua makoti, na alikuwa ameshasema kwa ile sauti yake ya kutoa dawa chungu kwamba akikuta bado, kazi inakwenda kwa watu wa kiwandani na haitarudi. Dada alikuwa amekodi chumba hiki kwa kuitegemea kazi hiyo. Bila hiyo angerudi kushonea kitandani, kwenye chumba cha kulala, mashine ya mama ikiwa imefunikwa shuka.

Dada akamtazama mdogo wake. Si usoni. Kifuani, penye mfuko.

"Si una kile kijitabu? Cha kijani. Cha mafundi wa cherehani."

"Ninacho."

"Mashine hii haimo?"

"Imo," Mifuko akasema, akatamani ulimi wake ungekuwa wa mtu mwingine. "Kwenye yaliyomo imeandikwa. Mashine za matundu, marekebisho."

Fundi Spana akageuka kwa mara ya kwanza, uso umejaa mafuta na matumaini. "Sasa tunangoja nini? Lete."

"Hakijakatwa."

Wakamtazama wote wawili.

Ikabidi aeleze, huku mguu ukicheza akiwa amesimama, jambo ambalo si rahisi. Zamani wachapaji wengine walikunja karatasi kubwa mara kadhaa, wakaishona kuwa kitabu, wakaiuza hivyo hivyo na mikunjo yake. Mwenye kitabu ndiye aliyekata mikunjo kwa kisu, ukurasa kwa ukurasa, kadiri alivyosoma. Hiki cha kijani hakikuwahi kukatwa. Kurasa chache za nje zilifunguka, zilizobaki zilikuwa zimeshikana juu kama bahasha. Wakusanyaji walikiita kitabu kizima. Cha aina yake hakijawahi kuonekana kingine kilicho kizima. Ukikikata tu, kinakuwa kama vingine vyote.

"Yaani hakuna mtu aliyewahi kukisoma," dada akasema.

"Ndiyo thamani yake."

"Kitabu ambacho hakijasomwa na mtu."

"Dada, ukilisema hivyo linakuwa la kijinga."

"Mimi nimerudia tu maneno yako, mdogo wangu."

"Nipe muda kidogo," Mifuko akasema, na kabla hajajibiwa alikuwa ukumbini.

Kwanza alikimbilia kwa muuza vitabu vya zamani, kule nyuma ya stendi, akiwa na wazo kwamba labda kuna nakala nyingine, iliyokatwa, iliyochakaa, isiyo na adabu, ya kutumia. Muuza vitabu alicheka mpaka akavua miwani. "Hicho cha kijani? Si wewe uliyekaa hapa siku nzima kuhakikisha haji mtu mwingine kukiona? Nilikuwa nacho hicho hicho. Rudi nyumbani."

Akarudi dukani. Akafunga mlango. Akatoa kile kitabu, akakilaza juu ya kioo cha mashine ya fotokopi kama mgonjwa, akaanza kukichungulia.

Maana kitabu kizima, ukikibana pembeni kwa vidole, kurasa zake zilizoshikana hutuna na kuwa kama bomba, na ndani ya bomba kuna maandishi. Alijaribu simu kwanza. Ikatoka picha ya dole gumba lake. Akajaribu kuinama na tochi. Akaona kivuli cha pua. Halafu akakumbuka kile kioo kidogo chenye mkia cha kutazamia meno, zawadi ya Daktari, cha kuchungulia migongo ya vitabu. Akakiingiza taratibu. Kwenye kioo maneno yalikuja kinyumenyume, lakini mtu wa fotokopi ameshaona maandishi katika kila hali ya dhiki. Alisoma herufi kwa herufi, jasho likimtoka, na akapata hivi: *Kati ya sindano na ndoano pawe na nafasi ya unene wa karatasi mbili.* Baada ya hapo mstari uliingia kwenye mkunjo ukapotea.

Karatasi mbili. Mifuko nusura acheke. Kama kuna kitu asichokosa mtu wa fotokopi duniani, ni karatasi. Akachomoa mbili kwenye pakiti mpya, akaruka ukumbi kwa hatua moja.

"Nimepata. Na hakijaguswa," akasema, akiinua kitabu juu kama mtu aliyevuka mto na nguo kavu.

Fundi Spana alikata vipande viwili vya karatasi, akavishikanisha, akavipenyeza kati ya sindano na ndoano, akalegeza, akasogeza, akakaza skrubu. "Inaingia vizuri," akasema. Dada akaweka kipande cha kitambaa, akakanyaga kibati cha miguuni polepole. Mashine ikanguruma, ikatembea mishono kadhaa ya kupendeza, na Mifuko akaanza kuona ile penseli kwenye kitanzi chake cha ngozi.

*Tak.*

Sauti ilikuwa ndogo tu. Kipande cha sindano kiliruka kikagonga dirisha.

Dada alichukua sumaku yake, akapapasa sakafuni mpaka akakipata kile kipande, akakiweka kwenye kikopo cha vibovu. Kisha akakaa kwenye stuli, mikono mapajani.

"Nafasi ilikuwa kubwa mno," Fundi Spana akasema kwa sauti ya chini. "Ndoano imekosa uzi, uzi ukajikusanya, ukaivuta sindano. Hiyo karatasi yako ni nene, ndugu. Kitabu kilisema karatasi gani?"

"Kilisema karatasi mbili."

"Karatasi gani?"

"Mbele zaidi kulikuwa na mkunjo."

"Kwa hiyo umesoma nusu ya sentensi," dada akasema, "ukaja mbio."

Mguu wa Mifuko uligonga mguu wa meza, na bobini za nyuzi zikatetemeka kwenye kisanduku. Dada hakumkemea. Ingekuwa nafuu kama angemkemea. Kukemewa na dada alishazoea, alikuwa na majibu yake tayari.

"Mimi nakushonea mifuko tangu uko shule," dada akasema. "Watu wananiuliza, huyo mdogo wako anabeba nini? Nasema, vitabu. Nasema hivyo nikijivuna, ujue. Mdogo wangu anabeba vitabu. Sikujua unavibeba tu."

"Dada."

"Imebaki sindano moja. Hii siiweki mpaka nijue. Kama hujisikii, sema, nimpigie Matroni simu nimwambie ukweli, aje achukue makoti yake, tujue moja. Lakini usinichungulie tena kwa kioo."

Mifuko alitazama makoti ukutani. Alitazama mashine ya mama, mkono wake mweusi ulioliwa rangi pale mama alipozoea kuegemeza kiganja. Akatoa kitabu mfukoni, akakifungulia karatasi yake laini, akachukua mkasi mezani. Akauweka. Akachukua wembe. Akauelekeza kwenye mkunjo, akaurudisha, akauelekeza tena, hadi Fundi Spana akasogea nyuma.

"Utajikata wewe badala ya ukurasa," dada akasema. "Lete hapa."

Alikipokea kitabu kwa namna alivyopokea nguo ya mteja, akipima kwa vidole kwanza. Kisha akachukua kile kichuma chake kidogo cha kufumulia nyuzi, chenye ncha iliyopinda, kitu alichokitumia tangu asubuhi mpaka jioni kufungua mishono bila kuumiza kitambaa. Akakiingiza kwenye mkunjo. Akavuta mara moja.

Karatasi ilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Mifuko aligeukia dirishani.

"Soma," dada akasema. "Ni kitabu chako."

Akarudi. Ukurasa ulikuwa mweupe kuliko kava lilivyoahidi. Jua lilikuwa halijawahi kuuona. Akasoma kwa sauti:

"Kati ya sindano na ndoano pawe na nafasi ya unene wa karatasi mbili za kitabu hiki. Kurasa tupu zilizo mwishoni zimetiwa kwa kazi hiyo. Kata utepe, ukunje, upime. Usihurumie kitabu, kimetengenezwa kiishe."

Fundi Spana alikuwa wa kwanza kucheka, cheko la pumzi puani. Halafu dada. Mifuko alijaribu kujizuia akashindwa, ingawa lake lilitoka limechanganyika na kitu kingine. Aligeuza kurasa za mwisho. Zilikuwa pale, tupu, nyembamba kama ganda la kitunguu, kurasa alizowaelezea watu kwa kujigamba kwamba ni ushahidi wa wachapaji wa zamani kutokuwa na ubahili.

Utepe alikata yeye mwenyewe. Safari hii wembe haukurudi nyuma. Fundi Spana aliukunja mara moja, ukawa karatasi mbili, akaupenyeza, akasogeza ndoano kiasi ambacho jicho halikuona tofauti yoyote, akakaza. Dada akaitoa sindano ya mwisho kwenye kikopo, akaifuta kwenye sketi yake, akaifunga. Akakanyaga kibati.

Mashine ilinguruma, ikasita, ikakohoa. Kisha ikashika njia yake, ile sauti yake ya kulalamika ambayo waliilalia na kuiamkia utotoni, ikatembea upande huu, ikageuka, ikarudi upande wa pili, ikashuka kwa kishindo na kutoboa. Dada alikinyanyua kitambaa kwenye mwanga. Akapitisha kifungo, akakivuta kwa nguvu zote.

"Mama," akasema, wala haikujulikana anaiambia mashine au nani. Akashusha koti la kwanza kutoka ukutani.

Mlangoni mtu alisafisha koo. Daktari alikuwa amesimama na mkoba wake, suti imenyooka, na mkononi ameshika kitu kidogo cha ngozi chenye kitanzi.

"Nimekuta dukani pamefungwa," akasema. "Nikafuata kelele."

"Karibu, Daktari. Shikamoo."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa tayari yamefika mezani, penye kitabu cha kijani kilicholala wazi na kipande cha ukurasa kikining'inia. Alikisogelea. Akainama, mikono nyuma, kama anavyotazama jino.

"Umeng'oa," akasema.

"Nimeng'oa, Daktari."

"Lilikuwa linauma?"

"Si mimi. Dada."

Cherehani iliendelea kupiga nyuma yao, tundu baada ya tundu, dada akiwa hana habari na mtu. Taratibu mzee akakirudisha kile cha ngozi mkobani. Mifuko alikisindikiza kwa macho mpaka zipu ilipofika mwisho.

"Unanielewa," Daktari akasema. "Makubaliano yalikuwa kitabu kizima."

"Nakuelewa."

"Hatujakosana."

"Hatujakosana, Daktari."

Lakini hakuondoka. Alichukua kile kipande cha utepe kilichobaki, akakisugua kati ya vidole. "Mlikikata cha nini?"

Mifuko akamsomea. Aliposoma ile ya *usihurumie kitabu*, Daktari alinyanyua uso.

"Wachapaji ni hao hao waliotoa changu chekundu," akasema polepole. "Cha madaktari wa meno. Nacho kina kurasa tupu mwishoni. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mchapaji alikosea hesabu." Akasimama akikuna kidevu. "Karatasi nyembamba. Wagonjwa wang'ate, uone meno yanagusana wapi. Au sivyo? Au ni ya kazi nyingine? Haiwezi kuwa ya kung'ata."

"Daktari, si ukitazame ndani?"

"Ni kizima," Daktari akasema kwa ukali, kisha akakumbuka kuaga, akasahau kumaliza kuaga, akatoka. Walimsikia ukumbini akienda, akisimama, akienda tena kwa haraka isiyolingana na suti yake.

Mifuko alirudi dukani kwake. Akageuza kibao. Mteja aliyekuwa akingoja alimpa hati, akazitoa, safari hii kichwa kikiwa juu. Kisha akakaa. Ng'ambo ya ukumbi mashine ya mama ilikuwa ikilalamika bila kupumzika, na mifuko ya shati lake yote ilikuwa sawasawa, isipokuwa mfuko wa kifuani uliokuwa mtupu, maana kitabu cha kijani alikiacha kule mezani, wazi, Fundi Spana akisoma sura ya mafuta huku ameweka dole gumba lenye grisi katikati ya ukurasa. Jambo hilo lilimsumbua. Lilimsumbua kidogo kuliko alivyotarajia, na hilo nalo likamsumbua.

Chini ya kaunta kulikuwa na kisanduku cha vile alivyokuwa bado hajavipeleka nyumbani. Akakivuta. Cha mfuga nyuki. Cha mzima moto. Cha mwenye mizani. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vizima, vimeshikana juu, vimenyamaza. Akakibana cha mfuga nyuki pembeni kikatuna, akaona ndani neno *usiku*, neno *malkia*, na mkunjo.

Malkia amefanya nini usiku?

"Mifuko," dada akaita kutoka ng'ambo, sauti ikishindana na mashine. "Kichuma changu cha kufumulia kiko wapi? Kilikuwa hapa hapa mezani."

Mifuko alijipapasa, mfuko wa mbele, wa pembeni, wa ndani, kwa raha zake, kama mtu ambaye hajui kabisa kiko wapi. Mguu wa kulia ulikuwa umetulia kimya chini ya meza. Wa kushoto ndio ulikuwa umeanza.

"Nakitafuta, dada," akasema, na kichuma kilikuwa tayari kwenye mkunjo.